Hela Imetoka, Haijasoma

Mwanachuo mwenzangu, kama umeishi Dar zaidi ya wiki moja, sentensi hii unaijua: "Hela imetoka, ila haijasoma." Umeisema kwa wakala. Umeisema dukani. Na wengine tumeisema dirishani kwa mhasibu siku mbili kabla ya UE, wewe umeshika simu yenye ujumbe kwamba umelipa, yeye ameshika kompyuta inayosema hujalipa. Nyote wawili mnasema kweli. Katikati yenu kuna ujumbe mmoja umekwama mahali.

Nataka kuuzungumzia ujumbe huo, na hasa nataka kuzungumza na wenzangu wa kompyuta wa mwaka wa mwisho, ambao muhula huu kila ninayemuuliza kachomeka Kafka kwenye mradi wake. Mimi pia niliichomeka mwaka jana, na nilivyoichomeka kulinyima maji nyumba iliyokuwa na msiba. Kwa hiyo humu sipo kumcheka mtu.

Kwa wenzetu wa sheria na uuguzi, maelezo mafupi. Kafka ni kama daftari refu sana linaloandikwa upande mmoja tu: mwenye habari anaongeza mstari mwishoni, hakuna anayefuta. Wanaosoma wanasoma kwa mwendo wao, na kila kundi la wasomaji linawekewa kidole pale lilipofikia. Usipobadilisha mipangilio, mistari inakaa humo siku 7 ndipo inaondolewa. Ilitengenezwa ndani ya kampuni ya LinkedIn na Jay Kreps, Neha Narkhede na Jun Rao, ikafunguliwa kwa dunia nzima mwaka 2011. Jina ni la yule mwandishi, Franz Kafka. Mwaka 2019 LinkedIn walieleza kwamba kwao inapitisha ujumbe trilioni 7 kwa siku.

Mradi wangu ulikuwa unapitisha ujumbe 140 hivi. Kwa wiki.

Nimepanga chumba Gongo la Mboto, upande wa Ulongoni. Mama mwenye nyumba ana kisima kirefu, simtanki mbili juu ya mnara, na mabomba yanayokwenda kwenye nyumba kama sitini za jirani. Watu wanalipa kabla kwa lipa namba, na kijana wake anazunguka na baiskeli kufungua na kufunga koki. Kabla yangu kulikuwa na daftari la kaunta. Kila jioni mama anakaa barazani, simu mkono huu, kalamu mkono huu, anapitia ujumbe mmoja mmoja wa malipo na kuweka tiki kwenye jina. Mimi nikaona mradi wa mwaka wa mwisho umejileta wenyewe mlangoni.

Nikatengeneza mfumo kwa Django. Kampuni ya kati inayounganisha mitandao ya simu ikawa inatuma taarifa ya kila malipo kwenye seva yangu. Mfumo unaongeza salio la nyumba husika. Kijana anaona orodha kwenye simu yake. Ulifanya kazi vizuri. Nikampelekea msimamizi wangu, akaangalia mchoro, akaniuliza, "Sasa hapa uzito uko wapi? Huu si mradi wa cheti huu?" Baada ya wiki nikarudi na mchoro uleule, katikati nimeweka pipa limeandikwa Kafka. Akatabasamu. Nilipita.

Simlaumu. Yeye naye ana paneli ya kuiridhisha, na waajiri wanaokuja kutuona wanauliza zana hizohizo. Lakini tazama kilichotokea hapo: niliongeza kitu kigumu kabisa kwenye mfumo, na swali pekee nililoulizwa ni kama kipo.

Django, kama Laravel na ndugu zake, imejengwa kwa maisha mafupi. Ombi linakuja, linajibiwa, limekufa. Miunganisho ya kanzidata inaangaliwa ombi likianza na likiisha, na kosa likitokea linakufa na ombi hilohilo, wewe wala huna habari. Msomaji wa Kafka ni kiumbe kingine. Haji akauliza akaondoka. Anakesha, usiku na mchana, akingoja mstari mpya. Kumweka ndani ya mfumo wa wavuti ni kama kuajiri mlinzi wa usiku halafu ukampa lindo ndani ya daladala: gari likigeuza, lindo limeondoka nalo.

Nilimweka ndani ya daladala. Somo nililolifuata YouTube lilisema umwashe msomaji palepale Django inapoamka, kwenye uzi wa pembeni, na nikafanya hivyo, mistari kumi na mbili tu. Kwenye kompyuta yangu ikakubali. Kwenye seva, Gunicorn ilikuwa inaendesha nakala nne za mfumo ule, na kila nakala ikaamka na msomaji wake. Mbaya zaidi, jina la kundi la wasomaji nilikuwa natengeneza kwa kubahatisha kila mfumo unapowaka, kwa hiyo Kafka ikawaona ni makundi manne yasiyojuana, ikawapa wote kila mstari. Baba mmoja akalipa 5,000, akapata SMS nne na salio la 20,000. Mama alicheka sana. Nikawapa jina moja la kundi; mada yangu ilikuwa na kipande kimoja tu, kwa hiyo msomaji mmoja akawa anasoma na watatu wamekaa bure. Nikadhani nimemaliza. Nikaweka hata taa ya kijani kwenye ukurasa wa mbele: mfumo uko hai.

Na nikamwambia mama maneno ambayo hadi leo nayajutia. Nilimwambia daftari sasa pumzisha, mfumo haukosei. Mama akampa kijana wake amri: asiyekuwepo kwenye simu, hafunguliwi.

Wiki ya tatu, nyumba ya tano kutoka kwetu mzee akafariki usiku. Alfajiri watu wameanza kuingia, turubai linafungwa, kina mama wanatafuta maji ya kupikia na ya kumwoshea marehemu, na salio la nyumba ile limeisha. Mtoto mmoja wa marehemu akalipa 10,000, saa 11 na dakika kama ishirini. Simu yake ikamwambia amelipa. Seva yangu ikaijibu kampuni ya malipo: nimepokea. Mstari ukaandikwa kwenye Kafka. Msomaji wangu akauchukua, akaenda kuuandika kwenye MySQL, akakuta mlango umefungwa.

Malipo ya mwisho ya jana yake yalikuwa saa 2 usiku. MySQL, usipoigusa mipangilio yake, ikiona muunganisho umekaa kimya sekunde 28,800, yaani saa 8, inaukata. Ombi la kawaida la Django lisingepata shida hiyo, kwa sababu Django inapokea ombi jipya kwa kwanza kutupa miunganisho iliyochakaa. Msomaji hapokei maombi. Alikuwa ameshika muunganisho uleule tangu jana, kama mtu anayeongea na simu iliyokwisha kukatwa. Kosa likatokea, uzi ukafa. Tovuti ikaendelea kuitikia kila anayebisha. Taa ikabaki kijani, maana taa ilikuwa inamuuliza Django hali yake, haimuulizi msomaji.

Kijana akaangalia simu. Nyumba ile haimo. Hakufungua. Alifanya alichoambiwa.

Mimi nilikuwa nimelala. Nilipoamka saa 2 asubuhi, kina mama wa msibani walikuwa wameshabeba ndoo kutoka kisima cha upande wa pili wa barabara. Nilimkuta mama barazani, nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, pale ni msibani. Mtu anatoka msibani anakuja kuniomba maji aliyoyalipia?" Hakuongeza neno. Aliinuka, akajifunga kanga nyingine kiunoni, akaenda msibani mwenyewe na kijana wake na madumu kumi.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyonifundisha kuliko darasa lolote, kwa hiyo nivumilieni. Niliwasha mfumo upya nikitegemea ule mstari uliokwama utasomwa. Haukusomwa. Kumbe kwa mpangilio wa kawaida, programu ya kusomea Kafka inasogeza kidole yenyewe nyuma ya pazia, kila sekunde 5, kwa mistari yote iliyokwisha kukukabidhi. Haijui kama kazi imefanyika. Kwake, kukabidhi ni kumaliza. Mstari ulikuwa umekabidhiwa, kidole kimesogea, aliyekabidhiwa amekufa nao mkononi.

Ila haukuwa umepotea. Ulikuwa bado umo kwenye daftari, na hapo Kafka naisifu kwa moyo wote. Nikarudisha kidole nyuma. Na kwa kuwa nilikuwa na wasiwasi, nikakirudisha hadi Jumatatu, ili nisiache kitu. Mfumo ukasoma wiki nzima upya na, kwa utiifu mkubwa, ukaongeza salio la kila mtu mara ya pili. Kufika mchana nusu ya mtaa ilikuwa inadaiwa shukrani na mama. Nyumba mbili zilikuja zenyewe kusema kwamba salio limezidi. Zilizobaki, acha tu.

Dawa zenyewe hazina maajabu. Msomaji nilimtoa ndani ya wavuti kabisa, akawa amri yake ya Django inayoendeshwa peke yake, na seva inamwamsha upya akianguka. Kusogeza kidole kienyeji nikakuzima. Sasa kinasogea baada tu ya kanzidata kukubali. Kabla ya kila kazi anatupa muunganisho uliochakaa. Taa ya kijani inauliza mara ya mwisho msomaji alifanya kazi lini na mistari mingapi inamngoja. Na kubwa kuliko yote, jedwali la malipo likawekewa sharti kwamba namba ya muamala haiwezi kuandikwa mara mbili. Kwa sharti hilo moja, nirudishe kidole hadi mwanzo wa dunia, salio halizidi. Ukifunga ujumbe kwa uaminifu, yaani usogeze kidole baada ya kazi, lazima ukubali kwamba siku umeme ukikatika katikati, ujumbe utakuja mara ya pili. Huwezi kukwepa vyote viwili kwa mpangilio. Unachagua kipi kitokee, halafu unajiandaa nacho.

Upande wa kutuma nao una mtego wake. Ile amri ya kutuma haitumi. Inaweka ujumbe kwenye kapu lililo ndani ya programu yako, na uzi wa nyuma ndio unaoupeleka. Mfumo ukizimwa na kapu lina vitu, vimekwenda. Ukiandika kwenye kanzidata na kwenye Kafka kwa pamoja, kuna siku utafia katikati, kimoja kimeandikwa na kingine hapana. Mimi sasa napokea malipo, nayaandika kwenye jedwali la zinazosubiri kutumwa, ndipo naijibu kampuni "nimepokea". Kazi nyingine inachukua kutoka jedwali lile na kuyapeleka. Nilipomaliza kuandika hilo jedwali nikalitazama muda mrefu. Kwa nyumba sitini, jedwali lile peke yake lilitosha. Kafka haikuhitajika kabisa.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina nguvu. Nisipojifunzia zana kubwa kwenye nyumba sitini, nitajifunzia wapi? Benki haitanipa mfumo wake nikaharibie. Kweli. Lakini basi tujifunze ile sehemu kubwa yenyewe. Kuwasha Kafka na kuona ujumbe "habari dunia" umefika upande wa pili ni kazi ya mchana mmoja. Ugumu wote uko kwenye siku ambayo haukufika, au ulifika mara mbili, au ulifika kwa mtu aliyekufa. Hiyo siku haimo kwenye miradi yetu, haimo kwenye mitihani, na haimo kwenye maswali ya paneli.

Wala si mambo ya ughaibuni haya. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, na tangu hapo ujumbe wa simu ndio risiti ya nchi. Mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulianza kazi 2017, na ile namba ya kumbukumbu ya malipo unayopewa ukilipia huduma ya taasisi ya umma inatoka humo. Ukisoma jinsi taasisi zinavyounganishwa nao, utakuta ni mazungumzo ya kutumiana ujumbe na kukiri kupokea: ankara inakwenda, inakiriwa, namba inarudi, inakiriwa, taarifa ya malipo inakuja, taasisi nayo inakiri. Na juu ya yote hayo kuna usuluhishi: taasisi inachukua orodha ya miamala ya siku iliyopita na kuilinganisha na vitabu vyake. Waliobuni walijua kwamba kukiri peke yake hakutoshi, kwa sababu seva inaweza kusema "nimepokea" kama yangu ilivyosema alfajiri ile.

Sasa nifikirie yule mwenzetu dirishani. Namjua mmoja, wa chuo kimoja hapa mjini, aliyekosa jaribio zima kwa sababu ada haijasoma. Alikuwa na risiti. Siku ya nne ikasoma. Jaribio halikurudi, na somo lile alikuja kulisapu. Aliyeandika mfumo ule wa ada huenda ni mtu mzuri tu, alihitimu vizuri, na mchoro wake ulikuwa na pipa katikati. Nina wasiwasi kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza, siku anatetea mradi wake, swali la kitoto kabisa: ujumbe ukifika wakati mfumo umelala, mwenye hela anafanyaje?

Mimi sikuulizwa. Siku ya kutetea nilikuwa nimeandaa kila kitu nilichowaeleza hapo juu, na msiba nilikuwa nimeupangia kuusimulia. Paneli ilikuwa na dakika kumi na tano. Waliuliza kwa nini sikutumia rangi za chuo kwenye slaidi, waliuliza ujumbe mingapi kwa sekunde mfumo unaweza kubeba, nikawatajia namba niliyoipima kwenye kompyuta yangu, wakaandika. Nilipata alama nzuri. Mwenzangu aliyenifuata alikuwa na wasomaji ndani ya Django, uzi wa pembeni, mistari ileile kumi na mbili. Naye alipata alama nzuri.

Pendekezo langu kwa idara, na naomba viongozi wa serikali ya wanafunzi walifikishe, halihitaji bajeti. Mtu akija kutetea mradi unaotumiana ujumbe, kabla ya slaidi ya kwanza, mwanajopo mmoja atume malipo ya majaribio, na mwingine achomoe waya wa seva palepale. Wahesabu hadi sitini. Warudishe waya. Kisha watume malipo yaleyale mara ya pili, wafungue salio, waangalie namba. Alama nusu zitoke hapo, mchoro ugombee zilizobaki. Asiye na seva ya kuchomolewa aazime kompyuta yangu. Betri yake ilishakufa, ukivuta waya inazima papohapo.

Mfumo wa mama bado unafanya kazi. Kafka niliiondoa mwezi wa nne, hakuna aliyegundua. Amri kwa kijana imebadilika: mtu akionyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, fungua kwanza, mengine tutayajua jioni. Na jioni mama anakaa barazani, simu mkono huu, daftari la kaunta mkono huu, anaweka tiki. Nilimwomba radhi kwamba nilimwambia alipumzishe. Akasema hakuwahi kulipumzisha.